Ulinganisho: Puli na nati zilizoshikwa na kutu kwenye mashine ya kukatia nyasi ya trekta. Mafuta, pula, moto au grainda?

Mkulima wa Mafinga

Wanajukwaa, habari za kazi. Kikundi chetu kina mashine ya kukatia nyasi inayofungwa nyuma ya trekta, yenye visu vitatu vinavyozungushwa na mkanda kutoka kwenye gia boksi, nasi huitumia kusafisha katikati ya mistari ya miparachichi. Tangu mvua zilipoanza Novemba hadi zilipokatika, mashine ilikaa nje chini ya turubai lililochanika, na nyasi za msimu uliopita zilikuwa bado zimegandamana chini ya bodi, yaani bati zito linalofunika visu. Sasa beringi ya shafti ya kati inanguruma na ni lazima ibadilishwe, lakini puli yake haitoki. Nati ya kisu cha kulia nayo haisogei, hata tulipovisha bomba la mita moja kwenye mpini wa spana.

Fundi wa kwanza anataka kupiga moto wa gesi leo hii. Wa pili anasema tuloweke mafuta siku tatu, na wa tatu anashauri tukate nati kwa grainda. Naomba mnisaidie kulinganisha njia hizi kwa gharama na kwa madhara yake, kwa sababu fedha ni za wanachama na nitatakiwa kuzitolea maelezo.

Fundi Ipogolo

Mkuu, kabla hujachagua njia, amua kwanza ni kifaa gani unataka kukiokoa. Kwenye shafti ya kati umeshaamua kutupa beringi, kwa hiyo cha kulindwa pale ni shafti, puli na nyumba ya beringi. Kwenye kisu cha kulia beringi ni nzima, na kitu cha bei ndogo kuliko vyote ni nati yenyewe. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na sioni sababu ya kuyatibu kwa dawa moja.

Jambo la pili ni uelekeo wa uzi. Ziko mashine ambazo baadhi ya nati za visu hufunguka kwa kuzungushwa kulia, na mtu anayezifungua kwa mazoea huwa anazikaza zaidi kila anapoongeza urefu wa bomba. Safisha ncha ya boliti kwa brashi ya waya, utazame mlalo wa uzi, kisha ulinganishe na kitabu cha mashine kama bado mnacho.

Kwa puli, mimi naanza na mafuta ya kupenya, kisha pula, yaani kifaa cha kuvutia puli kutoka kwenye shafti. Watu wengi huchanganya asetoni na oili ya gia boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hupenya vizuri, ila hutengana haraka, kwa hiyo utikise kila unapotaka kuutumia, na uuweke mbali kabisa na moto. Dizeli au mafuta ya taa pia husaidia, ingawa polepole zaidi. Paka asubuhi na jioni, na kila mara ugonge kwa nyundo ndogo kuzunguka kitovu cha puli, kwa sababu mtikisiko ndio unaoyafungulia mafuta njia ndani ya kutu. Siku ya pili funga pula yenye miguu mitatu, ikaze hadi ivute kwa nguvu, ugonge kichwa cha skrubu yake mara moja, kisha uiache ikiwa imekazwa. Mara nyingi puli huachia yenyewe ukiwa unanywa chai.

Usiweke miguu ya pula kwenye ukingo wa puli. Kama ni ya chuma cha kusubu itapasuka, na kama ni ya bati itajikunja, na mkanda hautakaa sawa tena. Shika kitovu.

Dada wa Tukuyu

Naunga mkono alichosema kaka wa Ipogolo, na naongeza yaliyotupata sisi. Huku Rungwe mvua kwa mwaka huzidi milimita 2,000, kwa hiyo kutu tunaijua vizuri. Mwaka tulioharakisha, fundi alipiga moto kwenye nati ya kisu huku shafti ikiwa bado ndani ya nyumba yake. Nati ilitoka ndani ya dakika kumi, tukafurahi, lakini baada ya wiki mbili grisi ilianza kuvuja na beringi mbili zikafa. Sili za mpira wa kawaida, zile zinazozuia grisi isivuje, huanza kuharibika joto likipita nyuzi 100 hivi, na grisi huyeyuka ikatoka. Dakika kumi zile zilitugharimu beringi mbili, sili mbili na siku nne za kusubiri vipuri, wakati nyasi zilikuwa zimefika magotini.

Mzee wa Gereji, Mwanjelwa

Binti yangu, pole kwa hasara hiyo, lakini kosa halikuwa la moto. Lilikuwa la mahali ulipopigwa. Nati yenye tundu la milimita 20 ukiipandisha joto kwa nyuzi 200, tundu lake hutanuka kwa takriban sehemu 5 za mia za milimita, na nafasi hiyo ndogo inatosha kuvunja kutu iliyokataa mafuta. Sharti lake ni kwamba ipate joto nati na si shafti, kwa muda mfupi, kwa mwali mdogo. Kama beringi na sili ni za kutupwa, kama ilivyo kwenye shafti ya kati ya huyu ndugu wa Mafinga, sioni ubaya wa kukipasha kitovu cha puli pale ambapo pula imeshindwa. Kama ni za kubaki, usipige moto.

Kijana aliyeloweka mafuta na asetoni asithubutu kuwasha gesi kabla ya kufuta kila tone na kuacha pakauke. Vilevile, dawa nyingine za kusafishia breki zina klorini, na zikikutana na moto hutoa hewa ya sumu kali. Hili silisemi kwa kutisha watu.

Kwa nati ya kulia mimi ningekata. Kata ubavu mmoja kwa grainda hadi ukaribie uzi bila kuugusa, kisha uweke patasi kwenye mfereji huo na upige pigo moja zito. Nati hupasuka, boliti hubaki nzima, nawe unanunua nati mpya tu. Funika mkanda na sili kwa gunia lililolowa ili cheche zisifike hapo.

Mwalimu, Makambako

Shikamoo mzee, na ahsanteni wote. Niulize kuhusu visu, maana vikishatoka ndiyo nafasi ya kuvinoa. Shuleni tunakata uwanja kwa mashine kama hiyo. Kijana wetu hutumia grainda, nami napendelea tupa. Ipi ni bora?

Fundi Ipogolo

Mwalimu, tupa haiharibu kisu, ila inachosha, na kisu chenye mapengo ya mawe kitakumalizia mchana mzima. Grainda inafaa ikitumiwa na mtu mwenye subira. Chuma kikipata rangi ya majani makavu kimefika nyuzi 220 hivi, na kikiwa cha bluu kimekaribia 300. Hapo ugumu wake umepungua, na makali hayo hayatadumu. Pitisha grainda kidogo, chovya kisu kwenye maji, rudia. Mimi huondoa mapengo kwa grainda na kumalizia kwa tupa, nikifuata mlalo wa kiwandani, ambao kwa visu vingi vya nyasi ni karibu nyuzi 30. Usikichonge kiwe kama wembe, kwa sababu ncha nyembamba hujikunja kwenye jiwe la kwanza.

Linalonihangaisha zaidi ni ulinganifu. Kitundike kisu kwa tundu lake la kati kwenye msumari uliopigwa ukutani. Upande unaoshuka ni mzito, na ndio wa kupunguza, lakini kwa nyuma ya makali, si kwenye makali yenyewe. Ninaamini kuwa beringi nyingi zinazosemekana kufa kwa maji zimeuawa na kisu kilichonolewa upande mmoja. Tazama pia sehemu ambapo bawa la kisu, yaani ukingo wa nyuma ulioinuliwa, linaanza kupinda, maana mchanga huilia hapo. Ikiwa imekuwa nyembamba au ina ufa, kisu hicho ni cha kutupa. Kisichomelewe kamwe, kwa sababu kipande kikikatika kikiwa kwenye mwendo kinaua.

Dada wa Tukuyu

Wakati wa kurudisha, bawa litazame juu kuelekea bodi. Tulishawahi kukuta kisu kimefungwa kichwa chini, na mashine ilikuwa inalaza nyasi badala ya kuzikata. Uzi na shafti vipakeni grisi ya shaba ya kuzuia kutu, lakini mpunguze nguvu ya kukaza, kwa kuwa uzi uliopakwa huvuta zaidi ya uzi mkavu kwa nguvu ileile ya spana.

Mkulima wa Mafinga

Nirudishe taarifa. Tulizima trekta, tukachomoa ufunguo na shafti ya PTO inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, tukaegemeza bodi kwenye magogo badala ya kuiamini jeki. Nati ya kulia kweli ilikuwa na uzi wa kushoto, na tulikuwa tumeikaza wenyewe. Ilifunguka kwa mafuta na mapigo machache, bila kukatwa. Puli ya kati tuliiloweka siku mbili, ikaachia usiku pula ikiwa imekazwa, na tuliikuta asubuhi imesogea kama upana wa kidole. Moto haukuhitajika. Visu viwili vimenolewa, na cha tatu kilikuwa na ufa kwenye bawa, kwa hiyo tumeagiza vitatu vipya ili uzito ufanane, na hivi viwili tunavihifadhi kama akiba. Leo vijana wanakwangua nyasi zilizoganda chini ya bodi kwa kipande cha mbao na brashi ya waya, nami nimemwomba mwenyekiti bati sita za kujengea kibanda kabla ya Novemba.