SN1 au SN2: ninunue kemikali za jaribio lipi? Oda inaondoka Ijumaa

Mwalimu_Eastlands
Hamjambo wote. Nina shilingi 18,000 za kununulia kemikali za kufundishia ubadilishaji wa kinyukliofili, yaani nyukliofili (chembe yenye jozi ya elektroni za kutoa) inachukua nafasi ya kundi lililo kwenye kaboni: kwa SN2 inaingia kundi likiondoka papo hapo, kwa SN1 kundi linaondoka kwanza. Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza, wanafunzi watengeneze kloraidi ya butili ya tatu kutokana na butanoli ya tatu na asidi ya haidrokloriki. Ya pili, watengeneze 1-bromobutani. Ya tatu, tununue halaidi (kampaundi za kaboni zenye halojeni kama klorini au bromini) zikiwa tayari, tufanye majaribio ya neli tu. Ipi itawafanya waelewe kwa nini SN1 si SN2? Oda lazima ifike dukani Eneo la Viwanda Ijumaa asubuhi.

FundiMaabara
Mwalimu, yanayoamua umeyaacha yote. Wanafunzi ni wangapi? Ni wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya), wa mtaala wa Cambridge, au wa chuo? Una kabati la kuvutia moshi linalofanya kazi, au ni madirisha tu? Faneli za kutenganishia ziko ngapi? Kondensa je? Na kipindi ni cha dakika ngapi? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Mzee_wa_Refluksi
Chukua 1-bromobutani, usijiulize mara mbili. Kwa mL 10 za 1-butanoli weka bromaidi ya sodiamu gramu 17 na maji mL 17, zamisha chupa ndani ya barafu, kisha mimina asidi kali ya salfuriki mL 14 kidogo kidogo huku ukitikisa. Chemsha kwa refluksi (mvuke ukipozwa na kondensa na kurudi chupani) dakika 45, halafu keneka. Hapo mwanafunzi anaona jambo ambalo ubao hauwezi kumwonyesha: bromaidi ya sodiamu na butanoli peke yake hazifanyi lolote, hata zichemke siku nzima, kwa sababu kundi la OH halikubali kuondoka. Asidi ikiipa OH protoni, kinachoondoka sasa ni maji, na maji huondoka kwa urahisi. Bromaidi inaingia kwa nyuma. Asiyeelewa kundi linaloondoka hajaelewa ubadilishaji.

Bi_Kaboni
Mzee, heshima zako, lakini hiyo inaonyesha SN2 peke yake. Swali la mwalimu ni tofauti ya hizo mbili. Huwezi kuonyesha tofauti kwa kitu kimoja.

Mwalimu_Eastlands
Samahani, nilikuwa na haraka. Wanafunzi 24, mwaka wa mwisho wa mtaala wa Cambridge, watafanya wawili wawili. Kipindi dakika 80. Faneli za kutenganishia 5, kondensa 4. Kabati la moshi ni moja.

FundiMaabara
Basi 1-bromobutani imeanguka yenyewe. Kondensa 4 kwa vikundi 12 ni zamu tatu, na kila zamu ni refluksi ya dakika 45 kabla ya kukeneka na kuosha. Mvuke wa bromaidi ya haidrojeni kwenye kabati moja nao ni tatizo. Isitoshe, kuosha kwake kuna mtego. Kwenye maji bidhaa hukaa chini, maana uzito wake ni gramu 1.27 kwa mL. Ukiiosha kwa asidi kali ya salfuriki kuondoa butanoli iliyobaki na etha, bidhaa hupanda juu, kwa sababu asidi ni 1.84. Tabaka zinabadilishana nafasi kati ya hatua moja na nyingine, na mwanafunzi anamwaga alichokifanyia kazi saa nzima. Dawa ni moja: usimwage tabaka lolote mpaka mwisho wa siku. Kwenye hatua za maji, ukiwa na shaka, dondosha matone mawili ya maji uone yanaungana na tabaka lipi.

Kaka_Moli
Na kloraidi ya butili ya tatu? Haihitaji refluksi. Ni kutikisa tu.

FundiMaabara
Ni rahisi, lakini ina adabu zake. Kuna maabara moja ambapo kila kilichoweza kuharibika kiliharibika asubuhi moja, na nitaeleza hatua kwa hatua kwa sababu makosa yale yale hurudi kila mahali.

Kosa la kwanza lilianza kwenye chupa. Butanoli ya tatu huyeyuka karibu nyuzi 25, kwa hiyo asubuhi ya Julai hapa Nairobi inakuwa imeganda kama samli. Mtu aliichokoa kwa kijiko, akapima kwa macho, na vikundi vikaanza na viasi tofauti. Weka chupa kwenye bika ya maji ya nyuzi 40 kwa robo saa, kizibo kikiwa kimelegezwa, halafu pima kwa bomba lililopashwa joto kidogo.

Kiasi chenyewe kilikuwa sahihi: butanoli mL 10, asidi kali ya haidrokloriki mL 25. Walitikisa dakika 15 wakitoa hewa, tabaka likajitenga vizuri, bidhaa juu. Wakaondoa asidi. Hapo ndipo walipomimina baikaboneti ya sodiamu moja kwa moja, wakafunga kizibo, wakatikisa. Asidi iliyobaki ikatoa kaboni dioksaidi papo hapo, kizibo kikaruka, na kimiminika kikafika kwenye miwani ya aliyekuwa mbele. Shukrani kwa miwani. Utaratibu ni huu: osha kwanza kwa maji, kisha mimina baikaboneti, zungusha faneli polepole bila kizibo mpaka povu litulie, ndipo ufunge, upindue, ufungue koki mara moja.

Baada ya mshtuko ule, vikundi viwili viliacha bidhaa ikae juu ya baikaboneti wakati wakipanguza meza. Halaidi ya daraja la tatu (kaboni yenye halojeni imeshikana na kaboni nyingine tatu) haivumilii kukaa na maji. Inaanza kurudi kuwa butanoli, tena kwa SN1 ile ile wanayojifunza. Mavuno yakashuka.

La mwisho ndilo liliniuma zaidi. Kitabu kilisema kusanya kinachotoka kati ya nyuzi 49 na 52. Kipimajoto kikasimama 45, matone yakatoka safi kabisa, wakayahesabu kuwa uchafu na kuyamwaga wakingoja 49. Haikufika. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yenyewe yanachemka karibu nyuzi 94. Kloraidi hii hapa hutoka karibu nyuzi 45. Walimwaga bidhaa yote.

Mwalimu_Eastlands
Hilo la kimo sijawahi kuliona limeandikwa kwenye karatasi ya jaribio. Asante sana. Kwa hiyo njia ya tatu?

Bi_Kaboni
Njia ya tatu ndiyo, mwalimu, ila ununue kwa akili. Watu wengi hununua 1-bromobutani kwa upande wa SN2 na *kloraidi* ya butili ya tatu kwa upande wa SN1. Hapo umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, kaboni na halojeni. Mwanafunzi akiona tofauti hajui imetoka wapi. Nunua bromaidi tatu: 1-bromobutani (daraja la kwanza), 2-bromobutani (la pili) na 2-bromo-2-methilpropani (la tatu). Kundi linaloondoka ni lile lile, kinachobadilika ni kaboni tu.

Kisha zipitishe kwenye vimiminika viwili. Seti A: iodaidi ya sodiamu gramu 15 ndani ya asetoni kavu mL 100. Kila neli mL 2, kisha matone 2 ya halaidi. Iodaidi ni nyukliofili hodari na asetoni haiwapi ioni mahali pa kupumzika, kwa hiyo SN2 inatawala. Bromaidi ya sodiamu haiyeyuki kwenye asetoni, inashuka kama mashapo meupe. Ya daraja la kwanza inachafuka ndani ya dakika chache, ya pili inachelewa, ya tatu inabaki angavu. Seti B: nitrati ya fedha ndani ya ethanoli. Ethanoli ni nyukliofili dhaifu, na ioni ya fedha inaivuta bromaidi itoke. Sasa ya tatu ndiyo inatoa mashapo mara tu tone linapoingia, ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Halaidi zile zile tatu, mpangilio umepinduka. Mwambie mwanafunzi aweke vibao viwili vya neli sambamba aangalie. Kaboni ya kwanza ina nafasi nyuma, kwa hiyo inaweza kushambuliwa. Ya tatu imezibwa na methili tatu, lakini methili hizo hizo ndizo zinazoituliza kabokationi (kaboni inayobaki na chaji chanya) halojeni ikishaondoka. Kinachozuia njia moja ndicho kinachofungua nyingine.

Elektroni_Mbili
Nakubaliana na bromaidi tatu. Naongeza tahadhari mbili za Seti A. Asetoni ikiwa na maji, chumvi inayeyuka na huoni mashapo hata mmenyuko ukienda sawasawa. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi ina maji, usiitumie. Na maelekezo yanayosema pasha neli kwenye maji ya nyuzi 50 yaliandikiwa pwani: hapa kwetu asetoni yenyewe inachemka karibu na hizo nyuzi 50. Itaruka na kuacha iodaidi imeganda ukutani mwa neli, na mwanafunzi ataandika kwamba ameona mashapo. Usipite nyuzi 42.

Kaka_Moli
Kwa nini asitumie iodomethani kwa SN2? Ndiyo ya haraka kuliko zote.

FundiMaabara
Hapana, ndugu. Inachemka karibu nyuzi 42 kwenye usawa wa bahari, hapa chini ya hapo, na mvuke wake ni sumu unaotia methili kwenye protini za mwili kwa SN2 hiyo hiyo. Kwa watu 24 na kabati moja, isiingie chumbani.

Mzee_wa_Refluksi
Bado nasema neli zinaonyesha mashapo, hazionyeshi *kasi inategemea nini*. SN1 na SN2 ni majina ya kasi. Hughes na Ingold pale London miaka ya 1930 walizitenganisha kwa kupima kasi, si kwa kutazama rangi nyeupe.

Elektroni_Mbili
Mzee ana haki, na kuna njia ya bei nafuu. Yeyusha kloraidi ya butili ya tatu kwenye asetoni iwe 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Chukua mL 3. Kwenye bika nyingine changanya haidroksaidi ya sodiamu 0.1 M mL 0.3, maji mL 6.7 na matone mawili ya bluu ya bromofenoli. Mimina, anza saa. Rangi ikigeuka kutoka bluu kuwa njano, asilimia 10 ya kloraidi imekwisha kuondoka, kwa sababu ndipo asidi inayozaliwa inapomaliza besi, yaani ile haidroksaidi.

Sasa angalia hapa, maana ndipo darasa linapotea. Rudia ukiwa na mL 0.6 za besi na maji mL 6.4. Muda unakuwa maradufu na zaidi kidogo. Mwanafunzi atasema besi imepunguza kasi. Sivyo. Safari hii lazima asilimia 20 iondoke kabla rangi haijageuka. Piga hesabu kwa logi asilia (ln): ln(1/0.9) ni 0.105, ln(1/0.8) ni 0.223. Gawanya kila moja kwa muda wake, utapata k (namba ya kasi ya mmenyuko) ile ile. Besi imeongezeka mara mbili na k haijatikisika. Kama ingekuwa SN2, ingebidi ipande.

Joto lisibadilike kati ya majaribio. Nyuzi chache tu zinaharibu hesabu yote, kwa hiyo bika zikae kwenye beseni moja la maji.

Bi_Kaboni
Hili nalieleza kwa matatu iliyojaa. Foleni kituoni iwe ya watu 10 au 40, kiti hakipatikani mpaka aliyekaa ashuke. Hiyo ni SN1.

Mzee_wa_Refluksi
Matatu haikuambii chochote kuhusu umbo. SN2 inageuza mpangilio wa kaboni, jambo ambalo Walden aliligundua mwaka 1896. Na kuna halaidi ya neopentili: ni ya daraja la kwanza, lakini SN2 karibu haiiwezi kwa sababu kaboni ya jirani imebeba methili tatu zinazoziba mlango. Mwanafunzi aliyekariri "ya kwanza ni SN2" anaanguka hapo.

Kaka_Moli
Na wanaotoka KCSE wanakuja wakijua "ubadilishaji" ni metani na klorini kwenye mwanga. Ile ni ya radikali huru (chembe zenye elektroni moja isiyo na jozi), haina nyukliofili hata mmoja. Ningeanza kwa kuondoa hilo kabla ya neli yoyote.

Bi_Kaboni
Hapo tuko pamoja, kaka. Dakika 5 za kwanza: mishale ya nusu kichwa (elektroni moja inahama) upande mmoja wa ubao, ya kichwa kizima (elektroni mbili) upande wa pili.

Mwalimu_Eastlands
Nimeelemea kwenye bromaidi tatu, na kama pesa itabaki, saa ya rangi ya Elektroni_Mbili. Nitrati ya fedha ninunue kiasi gani? Duka linataka kuniuzia gramu 25.

FundiMaabara
Gramu 5 zinatosha. Vikundi 12, neli 4 kila kimoja ukihesabu ya kulinganishia, mL 2 kila neli, ni mL 96. Kwa 0.1 M hiyo ni karibu gramu 1.6. Iyeyushe kwenye maji machache yaliyokenekwa, kisha ongeza ethanoli. Maji ya bomba yana kloraidi, yatachafuka hata kabla ya halaidi.

Mabaki ya fedha yaweke kwenye chupa yake, yashushe kwa chumvi. Wakijaribu mashapo kwa amonia, mchanganyiko huo utiwe asidi ya nitriki hafifu siku hiyo hiyo, usilale mezani, kwa sababu ukikaa unaweza kutoa kampaundi ya fedha inayolipuka. Chupa hiyo isipakane na ya mabaki ya asetoni. Asidi ya nitriki na asetoni hazikai pamoja.

Mzee_wa_Refluksi
Mwalimu, kondensa 4 zinatosha kwa onyesho moja la mezani. Kama utakuwa na bromaidi ya sodiamu kabatini, gramu 17 tu, niambie nikuandikie hatua.

Mwalimu_Eastlands
Ipo, mzee, ila imeshika unyevu na kuwa donge. Inafaa?

Mzee_wa_Refluksi
Inafaa. Iponde, ipime tena, na upunguze maji kidogo.