Samadi ya Jumamosi

Kikundi: UKOO WA BIBI MVUMI

Jumatano

06:12 Shangazi Yunis: Mbukwenyi wana ukoo. Narudia kwa wale ambao jana hawakusoma. Kirikuu inatoka Dodoma mjini Jumamosi saa 11 alfajiri kwenda Mvumi kuchukua samadi kwa Mama. Ni ya ng'ombe, ya zizi la zamani, imekaa zaidi ya mwaka. Ukiishika inavunjika mkononi, haina hata harufu. Gari na upakiaji 64,000. Nyumba nane, kila nyumba 8,000. Mpaka sasa wametuma wawili. WAWILI.

06:14 Shangazi Yunis: Tunaanza na mboga tatu tu. Mchicha, sukuma wiki, matembele. Asije mtu hapa na habari za nyanya.

06:15 Shangazi Yunis: Nawaona mmesoma.

07:58 Ezekia: Shikamoo shangazi. Nyanya zimekosa nini jamani?

08:03 Shangazi Yunis: Marahaba. Nyanya siyo ya kuanzia. Inataka kuegemezwa, inataka dawa, mdudu kantangaze akiingia wewe unavuna matundu. Wewe mwenyewe ulipanda miche ishirini ukala nyanya ngapi?

08:04 Ezekia: Nne 🙈

08:04 Ezekia: Ila zilikuwa tamu

08:06 Shangazi Yunis: Mchicha wiki ya tatu tayari uko jikoni. Mtu anayeanza anatakiwa aone kitu haraka, la sivyo anakata tamaa na ndoo anarudishia kufulia. Mimi nanunua fungu la mia tano kila siku ya Mungu, kwa mwezi ni 15,000, na nusu ya fungu ni mashina. Inaniuma.

09:20 Halima wa Ezekia: Shikamoo shangazi. Mimi nataka sana ila nyumba tuliyopanga ua wote ni sakafu. Hakuna hata pa kuchimbia jani.

09:31 Shangazi Yunis: Marahaba mwanangu Halima. Wewe ndiye nakutafuta. Chukua viroba vile vya kilo 50, vinne vinatosha kuanzia. Udongo ndoo mbili, samadi ndoo moja, mchanga nusu ndoo. Changanya vikiwa vikavu, kwa koleo, mpaka usione rangi mbili.

09:33 Shangazi Yunis: Sasa hapa ndipo watu wanapokosea. Tafuta kopo la rangi, kata kitako libaki bomba. Lisimamishe katikati ya kiroba, ndani jaza kokoto, nje zungushia udongo. Vuta kopo juu taratibu, kokoto zinabaki. Jaza tena, vuta tena, mpaka karibu na mdomo wa kiroba. Zile kokoto za katikati ndiyo njia ya maji. Bila hizo maji yanaishia juu, mizizi ya chini inakufa kwa kiu na wewe unasema kiroba kina mkosi.

09:34 Halima wa Ezekia: 🙏🙏 naandika

09:36 Shangazi Yunis: Halafu toboa matundu ubavuni kwa kisu, ukubwa wa vidole viwili, ya mstari mmoja yasitazamane na ya mstari wa chini. Humo chomeka miche ya sukuma. Juu mwaga mchicha.

09:41 Halima wa Ezekia: Na mbegu ya mlenda naipata wapi? Mume wangu ananisumbua 😂

09:43 Mama Mkubwa Debora: Mlenda ule wetu haupandwi mwanangu, unajiotea porini mvua zikianza. Unachumwa, unaanikwa, unatwangwa. Mvua zikifika nitakuonyesha.

09:44 Ezekia: Halima siku ya kwanza kaletewa mlenda kwa Bibi akaninong'oneza "hiki chakula kimeharibika?" 😂😂😂

09:44 Eliya: 😂😂😂

09:45 Neema: Bibi anacheka mpaka anakohoa

09:46 Halima wa Ezekia: Uongo!! Niliuliza kama unaliwa kwa kijiko

09:47 Ezekia: Watu wa Tanga bwana, kitu bila nazi mnakishtaki

09:49 Eliya: Mlenda na ugali wa uwele, mwenye shida aondoke mezani

09:52 Shangazi Yunis: Nimeuliza samadi mnanijibu mlenda. ELFU NANE. Namba ni ileile.

09:53 Shangazi Yunis: Yasije yakawa ya ule mchango wa bata wa Pasaka.

11:10 Mama Mkubwa Debora: Wifi, mimi nina uwanja mkubwa huku Nkuhungu ila udongo mwekundu, maji yanapita juu kama kwenye bati. Nilinyanyua matuta mwaka jana yakakauka yote.

11:17 Shangazi Yunis: Wifi hapa siyo Lushoto. Kwetu tuta halinyanyuliwi, linashushwa. Chimba upana mita moja, ambao mkono wako unafika katikati bila kukanyaga. Shusha nusu futi, udongo uliotoa weka pembeni uwe ukingo. Ndani changanya samadi, sawazisha. Ukimwaga ndoo moja inakaa palepale, haikimbilii kwa jirani. Juu tandaza nyasi kavu au mabua, jua la mwezi huu na upepo huu vinakausha udongo kabla hujarudisha ndoo.

11:18 Shangazi Yunis: Na iwe karibu na jiko. Bustani ya nyuma ya choo husahauliwa.

11:25 Mama Mkubwa Debora: Nimekuelewa. Na maji? Huku mgao unakuja mara mbili kwa wiki.

11:29 Shangazi Yunis: Maji ya kuoshea mchele na mboga usimwage. Ya sabuni ya unga usiyatie. Ya kisima yale yenye chumvi onja kwanza, udongo ukianza kuweka weupe juu acha. Mwagilia kabla jua halijachomoza, au likishazama.

11:40 Mama Mkubwa Debora: Ndiyo maana nauliza. Kabla hatujachangia samadi, mimi naomba tuulize tanki la Bibi liko wapi.

11:41 Ezekia: 👀

11:58 Ujumbe huu umefutwa

12:02 Ezekia: Shangazi, na mbuzi wakija tuwapande au tuwamwagilie? 😅

12:05 Mama Mkubwa Debora: Ezekia mwanangu, ngoja kidogo. Lile tanki tulichanga wote. Lita 1000. Lilikuwa la kukinga mvua kwa Bibi, bustani yake isife kiangazi. Likaazimwa siku tatu. Leo ni msimu wa pili.

12:06 Mama Mkubwa Debora: Sisemi kwa ubaya. Nilikwenda mwezi wa sita nikakuta matembele ya Bibi yamebaki kamba. Kamba tupu. Yeye aliyekuwa anatugawia sisi.

13:30 Baba Mdogo Lazaro: Shemeji nimeona ujumbe wako. Tanki halijapotea. Lipo saiti Iyumbu, mafundi wanalitumia. Nilisema litarudi nyumba ikifika kwenye lenta. Ikafika lenta, tukaanza kupaua, sasa tuko kwenye plasta. Plasta bila maji haiwezekani.

13:34 Mama Mkubwa Debora: Na bustani bila maji inawezekana shemeji?

13:36 Shangazi Yunis: Jamani, jamani. Hilo ni la kukaa chini, siyo la kwenye simu. Turudi kwenye samadi.

13:37 Mama Mkubwa Debora: Tulikaa chini Krismasi wifi.

14:15 Eliya: Shikamooni wote. Nimepiga hesabu tu, sitaki ugomvi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la Bibi upande wenye mfereji ni mita 8 kwa 5, yaani 40. Mvua ya milimita 25 ikinyesha mara moja, tanki limejaa. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka wa kawaida hazifiki milimita 600. Ukikosa kukinga umekosa mpaka mwaka mwingine.

14:20 Baba Mdogo Lazaro: Asante kwa hesabu mwanangu.

14:21 Ezekia: Eliya kumbe shuleni ulikuwa unasikiliza

16:48 Neema: Bibi ameomba nimsomee meseji zote. Nimemsomea.

16:49 Neema: Ametuma sauti

16:49 Neema: [Ujumbe wa sauti 1:26]

17:02 Neema: Kwa wasio na bando, amesema niandike kama alivyosema, nisipunguze: "Yunis, samadi ni ya zizi langu, chukueni yote, mimi sitaki hela, mlipeni mwenye gari tu. Mchicha mtauweza, hata mtoto anauweza. Lazaro mwanangu, ule mfereji wa bati baba yako aliupiga mwenyewe, akiwa tayari anaumwa. Mwaka jana mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Nililala nasikia maji yanamwagika chini mpaka asubuhi. Sitaki kuyasikia tena. Hilo gari linalokuja kuchukua samadi, lisije tupu."

17:03 Neema: Mwisho wa sauti

17:40 Shangazi Yunis: Nimekusikia Mama.

18:05 Halima wa Ezekia: Bibi shikamoo. Tumekusikia.

18:30 Mama Mkubwa Debora: 🙏

21:44 Baba Mdogo Lazaro: Nimesikia Mama. Kesho nitaongea na fundi.

Alhamisi

05:50 Shangazi Yunis: Mbukwenyi. Waliotuma: mimi, Debora, Halima na Ezekia, Eliya. Bado nyumba nne. Dereva anataka nusu ya hela leo.

05:52 Shangazi Yunis: Na nimemwambia kwenda kuna mzigo. Anasema akipitia Iyumbu aongezewe 10,000. Nani anatoa?

08:15 Mjomba Stanley: Habari za asubuhi wapendwa. Mungu awalinde katika siku hii mpya 🌹🌹🌹

08:16 Shangazi Yunis: Ya salama kaka Stanley. Elfu nane.

10:02 Baba Mdogo Lazaro: Nimeongea na fundi. Anamaliza plasta Jumatatu. Dada, siwezi kulitoa Jumamosi bila kuwa na pa kuweka maji. Nikipata mapipa mawili naliachia hata kesho jioni.

10:04 Mama Mkubwa Debora: Pipa moja ninalo mimi. Lina nyufa juu lakini chini linashika. Njoo ulichukue shemeji, halina neno.

10:09 Baba Mdogo Lazaro: Asante shemeji. Kweli asante.

10:30 Shangazi Yunis: La pili? Wenye mapipa?

12:11 Halima wa Ezekia: Shangazi samahani, mbegu za mchicha nimenunua sokoni Majengo. Ni ndogo mno, nikimwaga zinaanguka zote sehemu moja.

12:18 Shangazi Yunis: Kijiko kimoja cha mbegu, vikombe viwili vya mchanga mkavu. Changanya, nyunyiza kwenye mstari kama unatia chumvi. Usifukie, pitisha kiganja tu juu yake. Tandika nyasi. Siku ya tatu mpaka ya tano funua uangalie. Ukiona vimechomoza ondoa nyasi siku hiyohiyo, ukichelewa vinarefuka vyeupe na kulala.

12:20 Shangazi Yunis: Na usimwagilie kwa ndoo! Kopo litoboe matundu kwa msumari, maji yaanguke kama manyunyu. Ndoo inazihamisha mbegu zote pembeni.

12:22 Halima wa Ezekia: Sukuma nayo hivyohivyo?

12:27 Shangazi Yunis: Sukuma kaa nayo kwenye kitalu wiki nne, hata beseni lililotoboka linafaa. Hamisha jioni, siyo mchana. Kwenye tuta lililoshushwa, toka mche hadi mche shubiri mbili na kidogo, kama sentimita 50. Vuna majani ya chini, kitovu usiguse, itakulisha miezi.

12:29 Shangazi Yunis: Ukiona majani yanajikunja na chini yake kuna vidudu vimejazana, ni vidukari. Sabuni ya kipande kijiko kimoja kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni chini ya jani. Au mwarobaini, twanga majani, loweka usiku kucha, chuja.

12:31 Mama Mkubwa Debora: Matembele usisumbuke na mbegu Halima. Nitakukatia vikonyo kwangu, urefu wa mkono mpaka kiwiko, unafukia nusu, vifundo viwili viwe chini. Hata ukisahau siku mbili vinakusubiri.

15:47 Neema: Bibi anauliza kama kuna atakayemletea vikonyo vya matembele. Vyake vimekufa vyote.

15:48 Mama Mkubwa Debora: Mwambie vinakuja na gari. Kiroba kizima nitamfungia, kwenye kitambaa chenye maji.

Ijumaa

06:30 Shangazi Yunis: Bado nyumba tatu. Sitaji majina.

06:31 Shangazi Yunis: Stanley.

09:05 Mjomba Stanley: Nimetuma dada. Nilikuwa nauliza, sisi wa ghorofani samadi tunaiweka wapi?

09:12 Shangazi Yunis: Yako ishushwe kwa Ezekia Ipagala, utachukua kidogokidogo kwa ndoo.

09:13 Ezekia: Kwangu? Mwenye nyumba wangu hajui hata ya kwangu 😳

09:14 Shangazi Yunis: Basi mwambie leo. Na mpelekee fungu la kwanza la mchicha.

13:50 Baba Mdogo Lazaro: [Picha]

13:51 Baba Mdogo Lazaro: Pipa la shemeji limefika, limejaa. Tanki limebaki na maji nusu. La pili sijapata. Fundi anasema akikosa maji kesho analipwa siku bila kazi.

13:58 Eliya: Baba mdogo, kwa jirani yangu kuna pipa la lami la zamani, amelichoma na kulisafisha. Anataka 15,000.

14:00 Baba Mdogo Lazaro: Limefaa. Lakini sina usafiri wa kulifuata leo.

14:20 Mama Mkubwa Debora: 15,000 nusu natoa mimi.

19:33 Shangazi Yunis: Lazaro mdogo wangu, dereva ananipigia. Apitie Iyumbu au asipitie?

20:15 Shangazi Yunis: Lazaro

20:52 Neema: Baba, Bibi ameshafagia pale chini ya mfereji. Amepanga matofali ya kukalisha tanki.

21:37 Baba Mdogo Lazaro: Apitie. Nayamwaga maji yaliyobaki kwenye mchanga wa plasta, fundi nitamalizana naye mwenyewe. Niko peke yangu, nahitaji watu wawili wa kunyanyua saa kumi na nusu.

21:39 Shangazi Yunis: Eliya? Ezekia?

21:55 Halima wa Ezekia: Amelala shangazi, namuamsha.

22:08 Ezekia: Nimeamka. Baba mdogo, saa kumi niko hapo na bodaboda. Kamba ya kufungia ninayo fupi, nani ana ndefu?

22:26 Shangazi Yunis: Eliya, na pipa la jirani je?