Naomba ushauri: tovuti ya ofisi yetu ya ushauri wa kodi haileti wateja

Habari zenu wakuu. Tuna ofisi ndogo ya ushauri wa kodi na hesabu hapa Mwanza. Kazi nyingi tunapata kwa kuelekezwa na wateja wa zamani. Tovuti ipo, watu wanaingia, ila simu haiiti.

Ukiifungua kwenye simu, kwanza inakuja picha kubwa ya wazungu wenye suti wakishikana mikono, halafu Dira, Dhamira na Maadili ya Msingi. Mwenye duka la vipuri aliyepata barua ya TRA (Mamlaka ya Mapato), au anayehangaika na ritani ya VAT (taarifa ya kila mwezi ya kodi ya ongezeko la thamani) kabla ya tarehe 20, inabidi ashuke hadi chini kabisa ndipo akute fomu inayomdai mpaka sanduku la posta. Nani ana muda huo?

Nawaza tuanze na yale watu wanayotuuliza ofisini: usajili wa VAT, mashine za EFD za kutolea risiti, pingamizi la makadirio ya kodi. Kila moja iwe na ukurasa wake, na kitufe cha WhatsApp kionekane muda wote. Kiswahili kitangulie.

Ninapokwama ni bei. Mwenzangu anasema tukiiweka hadharani washindani watatushusha. Mimi naona kuificha ndiko kunakowakimbiza wenye biashara ndogo. Wenye ofisi za namna hii, mliandika "kuanzia shilingi kadhaa" au mnasubiri mteja aulize? Na yule anayeuliza bei WhatsApp kisha anapotea, mnamshikaje?