Huyu "mtaalamu" wetu wa betri atatuunguza wote

Wakuu, mnamjua, simtaji, na lazima anasoma hapa sasa hivi. Kachukua pakiti ya betri ya roboti yangu, lithiamu ya seli 3, kaichomeka kwenye chaja ya NiMH, yaani ya betri za nikeli, eti "chaja ni chaja tu". Naingia naikuta imevimba kama chura, nauliza hii nini, unajua kanijibu nini? TOBOA NA SINDANO ITOE HEWA. Sindano! Kwenye lithiamu iliyovimba! Tena mbele za watu, na nilipoinyang'anya wakanicheka MIMI, eti naogopa betri.

Hewa gani? Ile ni gesi, ndani kumeshaharibika, ukitoboa matabaka yanagusana inapiga shoti na moto hapo hapo. Seli ikifika volti 4.2 imejaa, basi, seli 3 ni 12.6. Chaja yake inasubiri volti zishuke kidogo ndo ijue imejaa, lithiamu haifanyi hivyo, kwa hiyo inasukuma tu mpaka kiama. Haya, la chaja ningemsamehe. Ila sindano?? Na alikuwa hatanii, kashafungua droo anaitafuta! Huyu ukimpa mtambo wa nyuklia ataufungua na kijiko. SINDANO jamani.

Waya Mwekundu: Hahaha nimemjua mstari wa kwanza tu. Ndo huyo huyo aliniambia nitoe fyuzi maana "inakatakata umeme bure".

Seli Mbovu: Mleta uzi nawe kelele nyingi, pakiti unaiachaje ovyo mtu anaichukua? Chaja yako ya kubalansi, ile inayosawazisha volti za kila seli, ilikuwa wapi?

Mleta uzi: Kwa hiyo ndo ruhusa ya kutoboa? SINDANO MKUU.

Bodi Bubu: Sasa hiyo iliyovimba umeifanyaje?

Mleta uzi: Iko nje kwenye zege, mbali na chochote kinachoshika moto. Haichajiwi tena hiyo, naipeleka wanakopokea betri chakavu. Bila sindano!!

Gurudumu Tatu: Mi wanaoniudhi ni wale wa betri ndogo ya volti 9 kwenye mota mbili halafu wanalia roboti inajizima. Ile haina ampia, mota ikikwama inavuta mkondo mara kadhaa ya kawaida, volti zinaporomoka, bodi inajiwasha upya. Kila siku swali hilo hilo!

Waya Mwekundu: Usinikumbushe. Na wanaohifadhi lithiamu imejaa pomoni miezi na miezi? Weka volti 3.8 kwa seli, kazi ngumu hiyo?

Mleta uzi: Wakuu tunaongelea sindano hapa.

Seli Mbovu: Kuna mtu alinikopa chaja ya kubalansi, mpaka leo kimya, na yumo humu.

Gurudumu Tatu: Ile ya plagi ya njano?

Seli Mbovu: Hiyo hiyo. Umeiona kwa nani?

Bodi Bubu: Mi kanikopa mita ya volti huyo. Mwambie arudishe na yangu.