Karatasi ya maelezo ya dawa kwa wasiosoma vizuri: niandikeje?

Muuguzi_Zamu:
Habari wakuu. Nimepewa kazi ya kuandika upya karatasi ya maelezo wanayopewa wagonjwa wakiruhusiwa kwenda nyumbani. Wengi ni watu wazima wanaosoma kwa kuunga silabi, wengine hawasomi kabisa. Ya sasa ina kurasa 2 na sentensi kama hii: "Mgonjwa anashauriwa kuzingatia matumizi ya dawa kwa mujibu wa maelekezo yaliyotolewa na mtaalamu." Nikiuliza kama wameelewa, wote wanasema ndiyo. Wakirudi, dawa zimetumika ndivyo sivyo. Nifupishe tu, au niongeze picha?

Mwalimu_wa_Jioni:
Pole na kazi, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuchapisha. Mimi nafundisha watu wazima kusoma.

Kwanza, hiyo "ndiyo" usiitegemee. Mtu mzima asiyejua kusoma amezoea kuficha. Atasema miwani ameiacha, au ataisoma akifika nyumbani, au atampa mtoto wake aishike. Anajikinga na aibu, na ana haki ya kujikinga. Badala ya kumuuliza kama ameelewa, mwambie: "Nataka kuhakikisha nimeeleza vizuri. Hebu nionyeshe utakavyokunywa hizi leo usiku." Hapo anayepimwa ni wewe.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006. Wagonjwa walipewa kibandiko cha dawa kinachosema wameze vidonge 2, mara 2 kwa siku. Kati ya wenye kisomo kidogo, kama 7 katika kila 10 waliweza kueleza maagizo hayo. Walipoombwa wahesabu vidonge vya siku nzima, walioweza walikuwa kama theluthi moja. Kwa hiyo "kutwa mara 2" iondoe. Andika "Asubuhi: vidonge 2", na chini yake, mstari wa peke yake, "Usiku: vidonge 2".

Kufupisha kunasaidia, ila siyo dawa ya kila kitu. Nina mwanafunzi mmoja, nikikaa karibu naye namwona anavyosoma: kidole chini ya neno, midomo inacheza, ya-li-yo-to-le-wa. Silabi 6! Akilimaliza anapumua. Akifika mwisho wa mstari, mwanzo umeshampotea na inabidi arudi. Sasa itazame hiyo sentensi yako. Jasho lote hilo, na haimwambii afanye nini. Anza na tendo: meza, kunywa, rudi, acha. Sentensi moja, jambo moja. Na dawa ukiishaiita "vidonge vyeupe", usije kuiita "tembe" mstari wa tatu; atadhani ni dawa nyingine.

Mchoraji_Mstaafu:
Naongezea kuhusu picha. Picha nayo husomwa, na kuna wasiozoea kuisoma. Ukichora mkono peke yake bila mwili, wapo watakaoona mkono uliokatika. Mshale na alama ya kukataza vina maana kwa aliyefundishwa tu. Chora mtu mzima kamili, tendo moja kwa kila picha, maneno yake hapohapo chini. Kisha mpe mtu asiye mfanyakazi wenu, umuulize anaona nini. Usimdokeze.

Muuguzi_Zamu:
Asanteni sana. Na wale wasiosoma kabisa? Naogopa nikimuuliza mtu "unajua kusoma?" nitamdhalilisha mbele ya wenzake.

Mwalimu_wa_Jioni:
Usiulize hilo kabisa. Uliza wote swali moja: "Nyumbani nani hukusaidia na mambo ya dawa?" Akimtaja mtu, muombe aje naye. Halafu eleza kwa mdomo, kwa maneno yaleyale yaliyo kwenye karatasi na kwa mpangilio uleule, ili anayemsomea baadaye asije na habari tofauti. Dalili za hatari ziweke juu kabisa, maana wengi huishia mistari ya mwanzo. Ukipata rasimu iweke hapa, nitawapa wanafunzi wangu waisome kwa sauti, nikuletee kila neno walilokwama.