Tupeane uzoefu: Ulichaguaje daftari lenye maswali, lile la kuandikia yaliyo moyoni?

Umande
Wapendwa, juzi nilikuwa nahamisha vitu kutoka chumba nilichopanga Mbagala, nikakuta chini ya godoro daftari nililonunua miaka miwili iliyopita, siku chache baada ya kuachishwa kazi. Ni yale madaftari yenye swali juu ya kila ukurasa na mistari mitupu chini yake, ambayo jalada husema ni kwa ajili ya afya ya akili na kujihurumia. Nililipa shilingi 45,000, na wakati ule hiyo ilikuwa nusu ya kodi yangu ya mwezi. Kurasa tisa zimeandikwa. Zilizobaki ni nyeupe, na kila moja imepigwa chapa ya tarehe iliyokwisha kupita. Nilipozifunua nilihisi tena aibu ile ile ya wakati ule, kana kwamba daftari lilikuwa likinihesabia siku nilizoshindwa.

Nataka kuanza upya, kwa sababu mawazo yamerudi na usingizi umepungua, na safari hii sitaki kubahatisha. Ninyi mliowahi kuyatumia, mlichaguaje? Kipi kiliwasaidia, na kipi kiliwaumiza?

Jani Bichi
Hizo tarehe, dada yangu. Langu liliishia tarehe 11 Januari.

Mwalimu wa Sengerema
Mimi nililetewa zawadi na rafiki aliyekuwa masomoni Uingereza. Ulikuwa mwaka ambao darasa langu lilifanya vibaya mtihani wa kidato cha nne, nami nikasimamishwa mbele ya kikao cha wazazi kueleza sababu. Swali la siku ya tatu lilinitaka nieleze jinsi nilivyojipumzisha jioni hiyo kwa maji ya moto, mishumaa na muziki wa taratibu. Ninaishi katika nyumba ya walimu na maji tunachota kisimani. Nililifunga lile daftari nikiwa na huzuni kubwa zaidi ya niliyoanza nayo, kwa kuwa nililielewa kama linaniambia kwamba mtu wa hali yangu hana njia ya kujitunza.

Lakini lilikuwa na swali moja ambalo sijalisahau. Liliuliza ningemwambia nini rafiki aliyekosea kama nilivyokosea mimi. Kwa Kiingereza nililijibu kwa mistari miwili mikavu, kama mtu anayejaza fomu. Wiki kadhaa baadaye nililiandika upya kwa lugha yangu: "Mdogo wako wa mwisho amekuja usiku, ameketi mlangoni, hataki kuingia, na amekueleza kosa hili hili. Utamwambiaje?" Nilijaza kurasa nne bila kunyanyua kalamu. Jambo lile lile nililokuwa nikijitukania kwa miezi mitatu, nilipolisikia likitoka kinywani mwa mdogo wangu, nilimwambia aingie ndani kwanza, ale.

Kwa hiyo, dada Umande, usinunue kabla ya kuyasoma maswali. Simama pale dukani, fungua kurasa tano popote, na ukikuta matatu kati ya hayo hayajibiki kutoka katika maisha unayoishi, lirudishe rafuni.

Nanga
Naheshimu michango yenu, lakini nina shaka na neno lenyewe. Tangu lini mtu mzima akasifiwa kwa kujihurumia? Nilikotoka, anayejihurumia ni yule anayekaa barazani akilalamika wakati wenzake wako shambani. Nilipopata matatizo ya biashara nilinunua daftari la shukrani, nikaandika mambo matatu kila asubuhi kwa mwaka mzima, nikasimama tena. Mchukue hilo.

Jani Bichi
Kaka Nanga, unayemsema ni mtu anayejionea huruma. Huyo na anayejihurumia ni watu wawili tofauti.

Nanga
Kwa Kiswahili kipi? Ni mzizi mmoja.

Jani Bichi
Kwa Kiswahili hiki hiki tunachoandika. Ukimhurumia jirani unampelekea uji. Ukimwonea huruma unaweza ukamtazama tu kutoka dirishani. Kama hutofautishi hapo, tusibishane.

Nesi Mstaafu
Wanangu, msigombane, maana hoja zenu zote mbili zina uzito, na mtu akilikosea neno hili atanunua daftari lisilomfaa. Nilifanya kazi ya uuguzi Mombasa kwa miaka 31, na miaka ya mwisho nilikuwa kliniki ya afya ya akili.

Mtaalamu aliyeliweka jambo hili katika vipimo ni Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, katika maandishi yake ya mwaka 2003. Alilieleza kwa sehemu tatu: kuwa mpole kwa nafsi badala ya kuihukumu, kutambua kwamba kukosea na kuumia ni fungu la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu jinsi yalivyo bila kuyazika wala kuyakuza. Anachokihofia Nanga ni mtu aliyeikosa ile sehemu ya pili, akaamini kwamba dhiki imemchagua yeye peke yake duniani. Sasa chukueni daftari lolote mlitazame kwa jicho hilo. Mengi niliyoyaona yana sehemu ya kwanza tu, yaani "jipende", "wewe ni wa thamani", ukurasa baada ya ukurasa. Tafuteni yale yanayouliza pia, "Nani mwingine unayemjua amepitia hili?" na "Sasa hivi mwilini unalisikia wapi?"

Nanga
Shikamoo mama. Nimelipokea hilo la sehemu ya pili. La shukrani bado nalisimamia.

Msafiri Maskati
Kaka, shukrani zilikusaidia wewe, nami nafurahi kwa ajili yako. Mimi zilinizamisha. Nilikuwa nimefika Oman miezi minne tu, nikapata habari kwamba baba amefariki Morogoro na sikuweza kurudi kuzika. Kila usiku programu niliyoipakua kwenye simu ilinidai mambo matatu ya kushukuru. Niliandika "nina afya", "nina kazi", "nina chakula", halafu nikalia kwa hatia, kwa sababu nilijiona mtoto mbaya ninayeshukuru wakati baba yangu yumo kaburini. Hakuna mahali iliponiuliza, "Leo umemkumbuka nani?"

Nesi Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Hata Emmons na McCullough, ambao utafiti wao wa mwaka 2003 ndio unaotajwa sana katika habari za shukrani, walikuwa na kundi lililoandika mara moja kwa wiki, hadi mambo matano, kwa wiki kumi. Kila siku si sharti, na msibani si mahali pake.

Kibwebwe
Nimesoma kuanzia juu, na sikukusudia kuandika, ila huyu dada wa Maskati amenigusa.

Mwaka 2019 nilipoteza mimba ya miezi saba. Nilikuwa naishi Ngamiani, Tanga, nyumbani kwa wakwe. Baada ya siku chache nyumba ilirudi katika shughuli zake, na mimi nikatarajiwa kurudi pamoja nayo. Mama mkwe alisema neno, wala silirudii hapa, kuhusu wanawake wasioweza kubeba. Rafiki yangu wa kazini akaniletea daftari la maswali, zuri sana, la kitambaa cha kijani. Niliandika kila alasiri mume wangu akiwa kazini. Lilikuwa na ukurasa unaosema, "Andika barua ambayo hutaituma kwa mtu aliyekuumiza." Nikamwandikia mama mkwe, na sikubakiza kitu. Ukurasa uliofuata ulisema, "Andika kwa yule uliyempoteza." Nikaandika kwa mwanangu. Nilimpa jina mle ndani, jina ambalo sikumtajia mtu yeyote, hata baba yake.

Wifi yangu alifungua kabati langu akitafuta khanga ya kwenda msibani. Jioni ya siku ya tatu niliitwa sebuleni, nikakuta wamekaa: mama mkwe, baba mkwe, mjomba wa mume wangu, mume wangu mwenyewe, na wifi akiwa amelishika daftari. Alisoma barua ya mama mkwe yote kwa sauti. Nilistahimili. Nilikuwa nimeangalia mkeka, nikijiambia kwamba yote niliyoandika ni kweli na nitaomba radhi kwa ajili ya lugha tu. Kisha hakunyamaza. Akafungua ukurasa uliofuata, akaanza kusoma ya mwanangu, akalitamka lile jina.

Mara ya kwanza jina la mwanangu kutamkwa duniani, lilitamkwa na sauti ile, katika kikao kile. Hilo ndilo lililonivunja. Ya mama mkwe yamekwisha, tulisameheana, na Mungu amrehemu. Ila lile jina sijaweza kulitamka mwenyewe mpaka leo.

Mume wangu alisimama, akamnyang'anya dada yake daftari, akatoka nje. Nilimkuta uani ameketi juu ya ndoo, analisoma, analia. Hakujua. Kwa miezi yote ile alidhani nimenyamaza kwa sababu nimesahau.

Kwa hiyo anayechagua daftari asiangalie maswali tu. Ajiulize kwanza atalilaza wapi.

Jani Bichi
Nimelia, dada Kibwebwe. Sina neno.

Mwalimu wa Sengerema
Pole sana, dada yetu.

Nanga
Pole, dada. Wifi alikosea vikubwa. Ila niseme ukweli wangu: mambo mazito ya familia hayaandikwi. Karatasi haina siri.

Msafiri Maskati
Kaka Nanga, basi yaende wapi? Yakibaki kifuani yanaua. Andika kwenye simu, weka namba ya siri, umemaliza.

Jani Bichi
Simu huibiwa, na watoto wanazijua namba za siri kuliko sisi. Mimi nasema andika kwenye karatasi ya kawaida, kisha uichome jikoni siku hiyo hiyo.

Mwalimu wa Sengerema
Kuchoma sikubaliani nako. Zile kurasa nne za mdogo wangu nimezirudia mara nyingi mno. Ningezichoma ningebaki na nini?

Umande
Dada Kibwebwe, ahsante kwa kutuamini. Naomba kuuliza, kama haikuumizi kujibu: ulirudi tena kuandika?

Kibwebwe
Baada ya miaka miwili. Mshauri nasaha wa hospitali aliniambia niandike na kuchana mbele yake, tukaanza hivyo. Sasa nina kaunta buku la kawaida, linakaa kwenye droo ya kazini yenye ufunguo. Maswali nayaandika mwenyewe juu ya ukurasa siku moja kabla, nikiwa na utulivu, ili siku ya kuandika nisiviziwe na swali. Lile la "yule uliyempoteza" halikuwa swali baya. Lilinikuta tu peke yangu mno.

Nesi Mstaafu
Mwanangu Kibwebwe, umelisema jambo ambalo waandishi wengi wa madaftari haya hawalisemi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, waandike juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao waliondoka chumbani wakiwa na huzuni zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao waliopewa kuandika mambo ya kawaida. Tazameni mambo mawili hapo. Kwanza, zilikuwa siku nne, si siku 365, hivyo Umande hakushindwa chochote kwa kuandika kurasa tisa. Pili, huzuni ya mara baada ya kuandika ni ya kutarajiwa, na Pennebaker mwenyewe hushauri kwamba ukiona jambo litakuzidi nguvu, liache, andika jingine. Daftari lisilokupa ruhusa ya kuruka ukurasa usilinunue.

Na hili nalisema kwa uzito wote. Kliniki tunatumia maswali tisa yanayouliza juu ya wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona hufai, na kadhalika. Jumla ni kutoka 0 hadi 27, na anayefikia 10 tunataka akae na mtaalamu. Swali la tisa linauliza kama umewaza kwamba ni afadhali ufe au ujidhuru. Anayejibu ndiyo kwa hilo asilifungie daftarini hata kama jumla yake ni ndogo. Aende hospitali siku hiyo hiyo, au amshike mkono mtu amwambie. Umande, umesema usingizi umepungua. Tangu lini?

Umande
Shikamoo mama. Tangu mwanzoni mwa mwezi uliopita. Swali la tisa, hapana, namshukuru Mungu. Mengine mengi, ndiyo. Nitakwenda hospitali Jumatatu, na nimemwomba dada yangu anisindikize.

Nesi Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Ukitoka huko, tuandikie.

Nanga
Dada Umande, na mimi nirekebishe kidogo. Ule mwaka wa shukrani nilikuwa pia nakwenda kwa shehe wetu kila Alhamisi baada ya Isha, tunazungumza mpaka usiku. Sikulitaja kwa sababu sikulihesabu kuwa matibabu. Huenda ndilo lililonisimamisha.

Umande
Ahsante, kaka, nalichukua na hilo. Leo nimepita stesheneri nikakuta mawili ya maswali, moja lina tarehe na jingine halina, na hilo lisilo na tarehe karatasi yake ni nyembamba mno, wino unatokea upande wa pili. Nimeyaacha yote, nikanunua kaunta buku. Mwalimu, nimelinakili swali lako kwenye ukurasa wa kwanza, ila mimi ni kitinda mimba, sina mdogo. Nimemweka mtoto wa dada yangu pale mlangoni.

Mwalimu wa Sengerema
Amekuambia nini?

Umande
Bado hajaanza kusema. Nimemletea kigoda.