Wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh: wadukuzi, genge au wezi wavaa tai?

Binti_Mizania (mleta mada):
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nasoma uhasibu mwaka wa tatu. Mwalimu wa ukaguzi ametupa kesi ya Benki Kuu ya Bangladesh, ule wizi wa dola milioni 81 wa Februari 2016. Kundi langu tunatetea kuwa ni uhalifu wa mtandaoni, wenzetu wanatetea kuwa ni uhalifu wa maofisini. Kila nikisoma naona hoja yetu inakatikia njiani: mwanzo kuna wadukuzi, mwisho kuna meneja wa tawi na kasino. Mliofanya kazi benki, hili mnaliwekaje?

Kijana_wa_Seva:
Tetea upande wako bila hofu, dada. Waliingia kwa barua pepe ya mtu anayejifanya anaomba kazi, wakakaa ndani ya mfumo muda mrefu wakisoma jinsi maagizo ya SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumia kuagizana kuhamisha fedha, yanavyoandikwa. Hata printa iliyokuwa ikichapa maagizo hayo waliinyamazisha, asubuhi watu wakadhani imeharibika kama kawaida ya printa. Mwaka 2018 Marekani ikamfungulia mashtaka raia wa Korea Kaskazini, Park Jin Hyok. Toa kompyuta hapo, wizi unabaki na nini?

Mzee_wa_Kaunta:
Marahaba binti. Mimi nilianzia dirishani nikamalizia kitengo cha kufuatilia miamala yenye shaka, sasa nimestaafu. Kijana hapo juu kakuonyesha mlango wa kuingilia. Mimi nataka uutazame wa kutokea.

Maagizo yalikuwa 35, jumla dola milioni 951, yote yakielekezwa Federal Reserve ya New York, tawi la benki kuu ya Marekani, ambako Bangladesh inaweka akiba yake. Yaliyopita ni matano tu. Dola milioni 20 zilikwenda Sri Lanka zikarudishwa, kwa sababu mwandishi alitaka kuandika "Foundation" akaandika "Fandation" (wamevunja benki kuu, imla ikawashinda). Zile 81 zilitua kwenye tawi moja la benki ya RCBC, mtaa wa Jupiter, Makati, kule Manila, Ufilipino.

Sasa angalia akaunti zilizozipokea. Zilifunguliwa Mei 2015 kwa majina bandia, kila moja ikawekewa dola 500, kisha kimya mpaka Februari. Hapo hakuna cha kudukua. Hapo kuna fomu, picha, nakala ya kitambulisho, na mtu wa ndani aliyegonga muhuri.

Angalia na kalenda. Walituma Alhamisi usiku. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko. Jumapili Dhaka wanafungua, New York wamefunga. Jumatatu tarehe 8 Manila ni sikukuu, Mwaka Mpya wa Kichina. Jumanne ujumbe wa "zuieni" unafika, na siku hiyohiyo fedha zinatolewa. Aliyepanga hivyo anajua saa za kazi za benki katika nchi tatu.

Kisha kasino. Fedha zilipitia kampuni ya kutuma na kubadilisha fedha, zikawa peso, zikaishia kasino za Solaire na Midas. Kwa nini kasino? Kwa sababu wakati ule sheria ya Ufilipino ya utakatishaji fedha ilikuwa haizigusi. Ziliingizwa mwaka 2017, maji yameshamwagika. Ukishanunua vibao vya kuchezea, ukacheza ukarudishiwa taslimu, mpelelezi anashika nini? Pengo la sheria namna hiyo hulioni kwa kuchungulia seva ya Dhaka. Wanalijua wale wanaoishi kwa kuwaletea kasino wachezaji wakubwa.

Meneja wa tawi, Maia Deguito, alihukumiwa Januari 2019 kwa makosa manane ya utakatishaji. Alijitetea kuwa ametolewa kafara. Hatia yake sibishani nayo, lakini kilio chake sikicheki. Benki yenyewe ilitozwa faini ya peso bilioni 1, ila gerezani hupeleki benki.

Tawini kwetu kulikuwa na mteja aliyekuwa akiingia moja kwa moja ofisini kwa meneja. Meneja anatoka: "Huyu ni mtu wangu, mhudumie, fomu atajaza baadaye." Nani atambishia bosi mbele ya mteja? Mifumo yote tuliyofundishwa kwenye semina ilikuwa inakwama kwenye sentensi hiyo.

Mama_Wakala_Kisauni:
Mzee, huku Mombasa naona hiyohiyo kwa udogo wake. Kijana anakuja na kitambulisho chake asajili laini, mwenzake yuko nje kwenye boda anamngoja. Laini haijapoa ishakuwa mkononi mwa mwengine. Nikikataa, anavuka barabara kwa wakala wa pili.

Kijana_wa_Seva:
Nakubali kuzitoa fedha kulihitaji watu. Lakini mzee, hao wa kasino wangekaa miaka mia bila kuigusa akaunti ya Bangladesh iliyoko New York.

Mzee_wa_Kaunta:
Kweli kabisa, na wadukuzi nao wangebaki na tarakimu kwenye kioo. Ndiyo maana ule mgawanyo wa mwalimu unanikera.

Binti_Mizania:
Ahsanteni sana. Mama Wakala umenigusa. Hosteli kwetu kuna kaka anatafuta wanafunzi wenye akaunti za benki, pesa inaingia, unaitoa, unabaki na asilimia kumi. Anasema ni za biashara ya mjomba wake.

Mama_Wakala_Kisauni:
Mjomba hana akaunti yake?

Mzee_wa_Kaunta:
Usimpe hata namba, binti. Jina kwenye akaunti likiwa lako, polisi wanaanza na wewe, na kaka huyo siku hiyo hapatikani hewani. Kama kuna mwenzako ameshapokea, asiitoe fedha. Aende tawini kwake akaeleze kwa maandishi, abaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kuhusu mjadala: ombeni ubao. Chora njia ya fedha kutoka Dhaka mpaka meza ya kamari, na kila kituo andika nani alitakiwa kusaini. Halafu waache wale wa upande wa pili wakuonyeshe wapi mtandao unaishia na ofisi inaanzia.